Kupakia vitabu vya nukta nundu kwenye kifaa: ushauri wangu kutoka Tabora

Wazazi na walimu wa watoto wasioona hapa Tabora huniuliza kwanza habari ya bando. Wanadhani kupakua kitabu kizima kutakomba gigabaiti za mwezi. Hapana. Katika faili la BRF, muundo wa kawaida wa vitabu vya kidijitali vya nukta nundu (maandishi ya nukta zinazosomwa kwa vidole), kila alama huchukua baiti moja tu. Ukurasa wa seli 40 (seli ni nafasi ya alama moja) kwa mistari 25 ni takriban baiti 1,000, hivyo kitabu cha kurasa 300 ni kama kilobaiti 300. Picha moja ya simu inakizidi mbali. Kitabu hichohicho kwenye karatasi ni majuzuu mazito, na aliyewahi kuyapandisha kwenye basi la Urambo anaijua shughuli yake.

Mimi natumia Orbit Reader 20, kifaa kinachoinua nukta za kitabu ili uziguse, chenye mstari mmoja wa seli 20 na nafasi ya kadi ya SD. Nikiwa kwenye treni ya usiku kwenda Kigoma nasoma kwa vidole, mwanga wa behewa haunihusu.

Vitabu vya Kiingereza navichukua Bookshare, maktaba ya Benetech iliyoanza mwaka 2002. Wanahitaji uthibitisho kwamba huwezi kusoma maandishi ya kawaida, kwa hiyo anza mapema kumwona daktari wa macho au mwalimu wa elimu maalumu. Chagua BRF. Faili likija kama zip, lifungue kwenye kompyuta kwanza, ndipo ulinakili kwenye kadi.

Ukilitazama faili hilo kwa Notepad utakuta koma mbele ya herufi kubwa na alama ya # mbele ya namba. Halijaharibika, ndivyo nukta nundu zinavyohifadhiwa. Usisahihishe chochote, wala usilihifadhi kama faili la Word.

Kazi hasa iko kwenye Kiswahili, maana mara nyingi unageuza mwenyewe maandishi uliyo nayo. BrailleBlaster, programu ya bure ya American Printing House, inatosha kabisa. Lakini ukiiachia jedwali la kugeuzia la Kiingereza la daraja la pili, yaani lenye ufupisho, itafupisha maneno yetu kwa kanuni za Kiingereza: "andika" litaanza na alama moja inayosimama badala ya "and". Mtoto anayejifunza kusoma atakwama hapo, na watu watasema hajui kusoma. Hilo linaniuma sana. Chagua jedwali la daraja la kwanza, lisilo na ufupisho. Kisha panga mstari uwe wa seli 20, sawa na kifaa. Ukiacha 40, mistari iliyokatwa kwa ajili ya karatasi inaweza kumwachia msomaji vipande vya neno moja moja na nafasi tupu, vidole vikachoka bure.

Majina ya mafaili yawe mafupi, yakianza na namba: 01, 02, 03, sura zisije zikachanganyika. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, nakili upya faili lote. Usichomoe kadi kabla ya kuipa kompyuta amri ya kuiondoa salama.

Kabla ya kumkabidhi mtoto, fungua kitabu kwenye kifaa chenyewe, mwanzoni na katikati. Kama husomi nukta nundu, mwombe anayesoma akukagulie. Na folda nzima ibaki na nakala kwenye flashi, maana kadi hupotea kirahisi.