Maswali ya Wasomaji: Necropotence na Bei ya Uhai

Barua nyingi za safari hii kutoka Arusha na Moshi zinaulizia kadi moja tu: Necropotence, ya mchezo wa Magic: The Gathering. Mchezo wenyewe ulibuniwa na Richard Garfield na ukatoka mwaka 1993. Kadi hii ilikuja mwaka 1995 katika toleo la Ice Age. Mwanzoni wengi waliipuuza, maana inamzuia mwenyewe kuokota kadi kila zamu. Mwaka 1996 seti nyeusi (seti ni fungu la kadi analochezea mtu) zilizojengwa kuizunguka zilitamba kwenye mashindano hadi msimu ule ukaitwa Black Summer. Leo imepigwa marufuku katika mtindo wa Legacy, Vintage inaruhusu moja tu, na Commander ni ruksa. Karibu wote mliotuandikia mnacheza Commander mkiwa wanne mezani, kwa hiyo majibu yetu yanafuata mtindo huo.

Kwa asiyeifahamu: gharama yake ni mana tatu, zote nyeusi (mana ni nguvu ya kulipia kadi, na hutoka hasa kwenye kadi za ardhi). Ikishakaa mezani, unairuka hatua ya kuokota. Kadi yoyote unayoitupa kutoka mkononi inatolewa makaburini (rundo la kadi zilizotumika) na kupelekwa uhamishoni, yaani nje ya mchezo. Na muda wowote unaweza kulipa pointi 1 ya uhai, ukaiweka kadi ya juu ya rundo lako uhamishoni kifudifudi. Itaingia mkononi mwanzoni mwa hatua yako inayofuata ya kufunga zamu.

Nina seti ya rangi tatu: nyeusi, kijani na bluu. Necropotence naipata mapema, lakini naishusha zamu ya 6 au ya 7 na nakufa kabla haijanisaidia. Tatizo ni kadi au ni mimi?
*Mchezaji wa Njiro, Arusha*

Tatizo ni ardhi zako, ndugu. Tupige hesabu. Seti ya Commander ina kadi 99 ukimweka kando kamanda, kiumbe anayeiongoza seti. Mkiwa wanne, kila mtu anaokota hata katika zamu yake ya kwanza, kwa hiyo kufikia zamu ya 3 umeshaona kadi 10: 7 za kuanzia na 3 ulizookota. Ukiwa na ardhi 37, kwa wastani umepata karibu 4. Lakini kama zinazotoa mana nyeusi ni 18 tu kati ya hizo 37, wastani wa zamu ya 3 ni ardhi nyeusi 1.8, na wewe unahitaji 3. Zikifika 30, wastani unafika 3. Hapo ndipo kadi inaanza kushuka kwa wakati.

Kufikisha 30 ukiwa na rangi tatu kunawezekana, ila kunataka ardhi nyingi za rangi mbili mbili, na hizo zina bei. Urborg, Tomb of Yawgmoth inasaidia kwa sababu inazifanya ardhi zote mezani ziwe pia Swamp (ardhi ya mana nyeusi), hata za wapinzani wako, basi ujue na wao unawapa mana nyeusi. Sol Ring haikusaidii hapa: inatoa mana mbili zisizo na rangi, na Necropotence haizipokei. Inayosaidia kweli ni Dark Ritual, mana moja nyeusi inayozaa tatu. Swamp, Dark Ritual, Necropotence, zote katika zamu ya kwanza. Ni mwanzo mzito kuliko mwingine wowote ambao kadi hii inaweza kuupata.

Ushauri wetu, na tunausimamia: usiiweke kwenye seti yenye rangi zaidi ya mbili kama huna ardhi za kutosha. Iondoe, weka kadi nyingine ya kuongeza mkono, hata kama ni dhaifu zaidi. Kadi ya nguvu inayokaa mkononi zamu nne ni sawa na kuanza mchezo na kadi sita. Na ukichelewa nayo hadi uhai umebaki kama 12 huku wapinzani watatu wana viumbe mezani, usiishushe kwa mazoea. Haikulindi siku hiyo hiyo. Mana tatu zimekwenda, kadi zinaingia mkononi zamu inafungwa, na kabla hujazitumia meza nzima inapita juu yako.

Nilipe uhai kiasi gani? Wenzangu wananiambia nilipe 20 mara moja kwa kuwa Commander tunaanza na 40.
*Msomaji wa Majengo, Moshi*

Usilipe 20, isipokuwa una uhakika wa kumaliza mchezo zamu inayofuata. Mwisho wa zamu yako mkono lazima urudi kwenye kadi 7. Zinazozidi unazitupa, na chini ya Necropotence zinakwenda uhamishoni moja kwa moja. Mwenye kadi 3 mkononi akilipa 20 anashika 23, anatupa 16, na uhai wake umeshuka nusu.

Chukua mfano huu. Ni zamu yako ya 4. Umeona kadi 11, umeshusha ardhi 4 na kadi nyingine tatu, sasa unashusha Necropotence. Mkononi zimebaki 3, uhai wako ni 36. Wapinzani wana viumbe vyenye nguvu 4, 3 na 2. Wote wakikugeukia ni pointi 9. Ili ufikie kadi 7 unahitaji kulipa 4. Sisi tungelipa 8. Unapata kadi 11, unachagua 7 bora, nne zinapotea. Uhai unabaki 28, na wakikushambulia wote unabaki na 19. Zile 4 za ziada hazijapotea bure: zimekununulia nafasi ya kuchagua. Katika zile 7 baki na ardhi ya zamu mbili zijazo, kadi moja ya kuua kiumbe, na kitu cha kukurudishia uhai. Kadi ya mana 8 itupe bila huruma, hata kama unaipenda.

Mara ya kwanza tu ndiyo unalipa zaidi. Baada ya hapo unafidia ulichotumia: zamu ya 5 umeshusha ardhi na kadi mbili, mkononi zimebaki 4, lipa 3. Usisahau kwamba huokoti tena. Wengine wanaogopa kulipa, wanakaa na kadi mbili mkononi na uhai 30. Huo ni mtaji uliolala.

Kabla ya kulipa, jumlisha nguvu za viumbe vyote vilivyo mezani upande wa pili, ongeza 5 kwa ajili ya jambo usilolitarajia, hakikisha uhai utakaobaki unazidi hapo. Kama una Reliquary Tower mezani, kikomo cha kadi 7 hakikuhusu na unaweza kulipa zaidi. Ila ardhi hiyo haitoi mana nyeusi.

Rafiki mkubwa wa Necropotence ni Gray Merchant of Asphodel, kiumbe cha mana 5. Anapoingia mezani, kila mpinzani anapoteza uhai kwa idadi ya alama nyeusi zilizo kwenye gharama za kadi zako za mezani, nawe unapata jumla yote iliyopotea. Necropotence ina alama 3, yeye ana 2. Hata kama huna kitu kingine, ni 5 kwa kila mmoja wa wapinzani watatu: unarudisha uhai 15. Hizo ni kadi 15 nyingine.

Nililipa 6, halafu mwenzangu akaivunja kwa Disenchant. Akasema kadi zangu sita zimeondoka na Necropotence. Ni kweli?
*Mchezaji wa Ngarenaro, Arusha*

Si kweli. Ukishalipa na kadi ikaenda uhamishoni, ahadi ya kuirudisha haitegemei tena Necropotence kuwapo. Zitaingia mkononi mwanzoni mwa hatua yako inayofuata ya kufunga zamu kama kawaida. Zaidi ya hapo, mwenzako alipotangaza Disenchant ulikuwa na nafasi ya kujibu kabla haijafanya kazi: ungeweza kulipa 4 au 5 nyingine papo hapo. Kadi ikivunjwa, inavunjwa ikiwa imeshakujaza. Kuwa mwangalifu tu kama ni zamu yake na bado hajashambulia, maana uhai unaoulipa hapo hutaurudisha kabla ya mapigo.

Na kuna faida ndogo wengi hawaioni: Necropotence ikishaondoka unarudi kuokota katika zamu yako kama watu wengine, na ukitupa kadi zinabaki makaburini.

Kosa linaloharibu zaidi ni la saa. Lipa kabla hujaingia hatua ya kufunga zamu. Ukisema "namaliza", hatua ikaanza, ndipo ukakumbuka kulipa, kadi hizo zitasubiri mwisho wa zamu yako nyingine, mzunguko mzima. Tamka wazi: "Nalipa nane, kisha nafunga." Kuzilipa moja moja hakukupi habari yoyote, kwani huruhusiwi kuzitazama zikiwa kifudifudi. Zilaze kwa upana kando ya Necropotence zisichanganyike na rundo, na uhai uandike kwa kalamu kwenye karatasi. Dadu inagongwa na kiwiko, simu inaisha chaji umeme ukiwa umekatika, na ubishi wa pointi 2 unaharibu jioni nzima.

Nataka kuichanganya na Sheoldred, the Apocalypse ili kila kadi inirudishie uhai 2. Pia nina kadi za kufufua viumbe.
*Msomaji wa Sakina, Arusha*

Zote mbili hazitafanya kazi, pole. Sheoldred anahesabu kadi *unazookota*. Necropotence haikuokotei, inaiweka kadi mkononi, na mbele ya kanuni hayo ni mambo mawili tofauti. Isitoshe, unairuka hata ile hatua ya kuokota ya kawaida, kwa hiyo Sheoldred anakosa hata zile pointi 2 za kila zamu. Viumbe unavyotarajia kuvitupa ili uvifufue navyo vinaishia uhamishoni. Chagua njia moja, ujenge seti juu yake.

Tunacheza watu wanne hapa Kiboriloni na mmoja anayo Necropotence. Tumfanyeje?
*Msomaji wa Kiboriloni, Moshi*

Izuieni inaposhuka. Mwenye bluu aache ardhi mbili wima, yaani bila kuzitumia, kwa ajili ya Counterspell, kadi ya kuzima kadi inayoshushwa, kuanzia zamu ya 3. Ikizimwa kabla ya kukaa mezani, hajalipa uhai wowote na hajapata kadi yoyote. Ikishakaa, kila jaribio la kuivunja linampa nafasi ya kulipa kwanza, kama tulivyomweleza msomaji wa Ngarenaro. Bado ivunjeni, ila mchague wakati: subirini alipe sana, uhai ushuke, ndipo mvunje na kushambulia kwa pamoja, maana hapo hana uhai wa kulipa kama jibu. Epukeni Nature's Claim kama kuna kadi nyingine ya kuivunja. Ni ya bei nafuu, mana moja tu, lakini inampa mwenye kadi uhai 4.

Narset, Parter of Veils, anayewazuia wapinzani kuokota zaidi ya kadi moja kwa zamu, hamzuii, kwa sababu ile ile ya kutookota. Kinachomuumiza ni mashambulizi ya kila zamu, hata ya kiumbe mdogo wa nguvu 2. Kila pointi mnayomtoa ni kadi ambayo hataipata. Makosa ya meza nyingi ni kumwacha apumue zamu tatu kwa kuwa "bado hajafanya kitu". Anayelipa uhai na kujaza mkono ameshafanya.

Kadi halisi ni ghali. Naweza kuichapisha steshenari nikachezea?
*Msomaji wa Pasua, Moshi*

Kwa mchezo wa nyumbani, mkikubaliana wote, ndiyo. Mashindano rasmi hayaruhusu, na usiiuze wala kuibadilisha kana kwamba ni halisi. Kadi ina upana wa milimita 63 na urefu wa 88. Karatasi moja ya A4 inabeba 9. Mwambie mchapaji aweke ukubwa wa asilimia 100. Mashine ikiachwa ijirekebishe yenyewe kwenye karatasi, inapunguza kidogo na kadi inacheza ndani ya mfuko. Tumia karatasi ya kawaida, iweke mbele ya kadi halisi ya bei ndogo ndani ya mfuko wa plastiki wenye mgongo usioonyesha. Karatasi nene ya manila usitumie, kwani ikikaa juu ya kadi nyingine unene wake unasikika kidoleni wakati wa kuchanga, na mtu ataijua ilipo hata kama hakukusudia. Mifuko yote 100 iwe ya aina na rangi moja, ya pakiti moja ikiwezekana, na inayochakaa ibadilishe yote kwa pamoja.