Kaseti za babu za Kikerewe: anza na daftari, mashine baadaye

Mkuu, umeuliza uanzie wapi na kaseti za Kikerewe alizoacha babu yako, na kama uzipandishe mtandaoni moja kwa moja. Kazi hii nimeifanya Nansio, kisiwani Ukerewe, na ya Kisukuma upande wa Magu, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Kwanza nenda na daftari kwa wazee wanaozitambua sauti zile. Nani anasema, wa kijiji gani, ilikuwa lini kwa wanavyokumbuka, anasimulia nini, nani alishika rekoda. Nimewahi kukabidhiwa nyimbo za wavuvi, sauti safi kabisa, lakini hakuna aliyejua mwimbaji ni nani. Hadi leo sijazitoa, maana sina wa kumwomba ruhusa. Mashine utaipata hata mwakani. Wazee hao usiwaahirishe.

Kuhamisha sauti si kugumu. Vunja vile vijino viwili vya mgongoni mwa kaseti ili isifutike kwa bahati mbaya, ipeleke mbele hadi mwisho kisha irudishe, ndipo uicheze. Unganisha deki, yaani mashine ya kuchezea kaseti, na kompyuta kwa waya. Kuweka simu mbele ya spika ni kurekodi kelele za nyumba nzima. Hifadhi kwa WAV, aina ya faili isiyopunguza sauti, na kwenye programu ya kurekodi chagua biti 24, kHz 48: saa moja ya mono (mkondo mmoja wa sauti) ni kama nusu GB. MP3 iwe ya kugawia watu tu, kwani hutupa sehemu ya sauti na hairudi tena. Jina la faili lisiwe na nafasi, lianze na alama ya kimataifa ya lugha: ked ni Kikerewe, suk Kisukuma, jit Kijita.

Sasa mtandaoni. Usipandishe zote kwa mkupuo, nakusihi. Ngano za sungura watoto wote wazisikie. Lakini kaseti ya babu huenda ina maneno ya tambiko, au ugomvi wa shamba ambao wajukuu wa pande zote mbili bado ni majirani. Ruhusa iombwe rekodi kwa rekodi, na msemaji akiwa marehemu, waulize wanawe. Hifadhi za kitaaluma kama ELAR, ya rekodi za lugha zilizo hatarini kupotea, iliyoanzia London na sasa iko Berlin, hukuruhusu kuweka rekodi moja wazi na nyingine kwa maombi tu.

Na nakala zirudi kisiwani kabla ya kwenda Ulaya. Wengi hawatanunua bando ili wasikilize, ila redio za kadi ya memori zipo hadi kwenye kambi za wavuvi. Tulipogawa kadi, akina bibi ndio waliotusahihishia majina ya watu na ya visiwa, wakaongeza beti zilizokatika utepe ulipoisha. Nusu ya maelezo tuliyonayo yametoka kwao.

Deki ya mtumba usiinunue kabla ya kuijaribu kwa kaseti isiyo na thamani. Nyingi zinatafuna utepe.