Wewe ni mhasibu, au ni kama mhasibu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhasibu, naishi Tabata. Nimefungua ukurasa LinkedIn na nimeamua kuuandika kwa Kiswahili, kwa sababu wateja ninaowatafuta ni wenye maduka Kariakoo na vikundi vya vikoba. Nimeanza hivi: "Ninafanya kazi kama mhasibu kwa miaka sita sasa na nina shauku ya namba." Swali langu ni dogo. Nikimtumia ombi mtu nisiyemfahamu ili awe katika mtandao wangu, niandike "naomba kuungana nawe" au "naomba kuunganishwa nawe"?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako nitalijibu, ila lisubiri kidogo, maana kabla ya kuliuliza umeninukulia sentensi ambayo sitaki mwenye duka yeyote wa Kariakoo aisome. Umeandika kwamba unafanya kazi kama mhasibu. Kwangu ulianza vizuri kabisa: "Mimi ni mhasibu." Hapo ulikuwa unazungumza na mtu, ukasema ukweli wako kwa maneno matatu tu. Ulipogeukia ukurasa wa kazi, mahali ambapo wageni watakupima kwa maandishi peke yake, ukajishusha mwenyewe ukawa mfano wa mhasibu.

Kila aliyesoma fasihi sekondari anaijua tashibihi. Mwalimu aliandika ubaoni "Juma ni mkali kama simba", akauliza neno la kufananisha ni lipi, na darasa zima likaitikia: kama! Juma si simba, na ndiyo maana neno hilo limewekwa pale katikati yao. Lilitujia kutoka Kiarabu, na huko nako kazi yake ni kulinganisha. Hata katika matumizi yake mengine, neno hili huacha nafasi ya shaka. Ukisema "watu kama ishirini", hukuwahesabu. Ukisema "sijui kama atakuja", hujui. Hili ndilo neno ulilolichagua kulisimamisha kati yako na taaluma uliyoisomea kwa miaka.

Kosa hili limezaliwa kwenye tafsiri. Kiingereza kina neno moja la kumtaja mtu kwa wadhifa wake na jingine la kumfananisha na kitu. Watafsiri wetu wa taarifa za miradi, wa barua za ajira na wa hotuba za ufunguzi wameyamimina yote mawili ndani ya "kama", kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. Sasa limefika mitandao ya kazi, ambako mtu hujaza kwanza fomu ya Kiingereza, kisha hujitafsiri mwenyewe neno kwa neno. Matokeo yake nakutana na wahandisi ambao wamefanya kazi kama wahandisi, wauguzi walioajiriwa kama wauguzi, na mwanasheria mzima anayeandika "kama wakili, nimesimamia kesi nyingi". Sentensi ikianza na "kama wakili", msomaji wa Kiswahili husubiri sharti: kama wakili atafika, kesi itasikilizwa. Sharti haliji, naye inambidi arudi mwanzo aisome upya.

Mfano ninaoushikilia siku zote ni wa Nyerere. Alisomea ualimu Makerere, baadaye akafundisha shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, hapa hapa Dar es Salaam, na mwaka 1955 akaacha kazi hiyo ili aishughulikie TANU. Sasa soma sentensi ambayo nimeikuta, kwa sura mbalimbali, katika insha za wanafunzi na katika hotuba za watu wazima: "Nyerere alifanya kazi kama mwalimu Pugu." Kama mwalimu! Mtu aliyesimama darasani na chaki mkononi, ambaye taifa lilimwita Mwalimu alipokuwa Rais, likaendelea kumwita Mwalimu alipong'atuka mwaka 1985, na likamzika mwaka 1999 kwa jina hilo hilo, leo tunaandika kwamba alifanana na mwalimu. Mtoto wa darasa la nne aliyelelewa kwa Kiswahili cha nyumbani ana haki ya kuuliza: kwani hakuwa mwalimu kweli? Alikuwa anamshikia nani nafasi? Na mtoto huyo akiuliza hivyo asionekane mjinga, kwa kuwa amesoma kile kilichoandikwa.

Sasa iseme sentensi hiyo kama bibi yeyote wa Pugu angeisema. Nyerere alikuwa mwalimu Pugu. Nyerere alifundisha Pugu. Nyerere alifanya kazi ya ualimu Pugu. Na ukitaka kubeba wadhifa na tukio kwa pamoja, Kiswahili kina "akiwa": akiwa mwalimu Pugu, aliongoza kuasisiwa kwa TANU mwaka 1954. Tazama "akiwa" inavyofanya kazi. Inamweka mtu ndani ya cheo chake, hapo hapo, wakati huo huo, bila kumfananisha na yeyote. Mgeni rasmi huzungumza akiwa mgeni rasmi. Mbunge huchaguliwa kuwa mbunge. Mkurugenzi huteuliwa kuwa mkurugenzi. Na ukiwa umeshika nafasi isiyo yako kwa muda, tunalo "kukaimu", neno safi linalosema ukweli wote. Lugha imetupa "kuwa", "akiwa", "kukaimu" na "kazi ya", nasi tunaviacha vyote tunakimbilia neno la simba na Juma.

Simfukuzi "kama" kila mahali. Fundi anayekalia ndoo anaitumia ndoo kama kiti, na sentensi hiyo ni sahihi kabisa, kwa kuwa ndoo si kiti wala haitakuwa. Tumia "kama" hapo kwa moyo mweupe. Na yapo makosa ambayo nimeacha kugombana nayo. "Masaa" nimeyaacha yapite. "Kuteuliwa kama" nalisikia kwenye taarifa ya habari jioni baada ya jioni, nami najua sitalizuia peke yangu. Lakini kwenye ukurasa wa mtu anayetafuta riziki sitanyamaza, kwa sababu hapo kosa linamgharimu mwenyewe.

Nawe linakugharimu kuliko wengi. Mji huu una vishoka, yaani watu wanaojifanya wataalamu, wa kila aina: kishoka wa umeme, kishoka wa viwanja, kishoka wa sheria. Magazeti yakiandika kwamba mtu amekamatwa hospitalini akifanya kazi kama daktari, hakuna msomaji anayedhani kwamba huyo ni daktari. Maneno ni yale yale uliyoyatumia wewe. Uhasibu nao una mlango wake: Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, ina daftari la waliosajiliwa, na mwenye duka aliyewahi kuungua kwa kumkabidhi mtu asiyefaa vitabu vyake atataka kujua kama umo. Hataki kusikia unafanana na nani. Uzoefu alionao na watu wa namna hiyo unamtosha.

Kuhusu "shauku ya namba" nitasema machache. Shauku ni hamu ya kitu kilicho mbali nawe: shauku ya kumwona mama, shauku ya kurudi nyumbani baada ya safari. Mtu anayeshinda na namba mezani kutwa hana shauku nazo, anazo. Andika badala yake unachofanya. Mwenye duka anataka kujua kama utamwekea sawa risiti zake za EFD, ile mashine ya risiti za kodi, utamfungia hesabu za mwaka na utawahisha ritani Mamlaka ya Mapato, TRA, kabla ya faini. Kikundi cha vikoba kinataka mtu atakayejua nani ana hisa ngapi, nani amekopa, nani amelipa faini, na ambaye siku ya kugawana hesabu zake zitasimama mbele ya wanachama wote bila ugomvi. "Wasifu" na "sifa" yana asili moja ya Kiarabu, ya kueleza kitu kilivyo. Sisi tumeufanya wasifu kuwa mahali pa kujisifu, ndiyo maana kurasa nyingi zimejaa shauku, ubunifu na weledi, na mtu unamaliza kuzisoma bila kujua mwenyewe anafanya kazi gani.

Kwa hiyo futa sentensi ile, uandike: "Mhasibu. Natunza hesabu za maduka na vikundi vya vikoba Dar es Salaam. Nafunga hesabu za mwaka, naandaa ritani za kodi, na nasimamia hesabu za hisa na mikopo ya wanachama. Huu ni mwaka wangu wa sita katika kazi hii." Kama umesajiliwa NBAA, liseme hilo mara tu baada ya neno "mhasibu", kabla ya jingine lolote.

Sasa swali lako. Usiandike "kuunganishwa" wala "kuungana". Kuunganishwa kunahitaji mtu wa tatu anayeunganisha: Dar es Salaam tunaunganishiwa umeme na TANESCO na maji na DAWASA. Rafiki yako akikupeleka kwa mteja, yeye amekuunganisha naye, na hapo neno liko mahali pake. Kuungana ni zaidi ya unachokiomba. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964 zikawa nchi moja, na wewe humwombi mgeni jambo zito kiasi hicho. "Kujuana" nako kuepuke, kwa sababu kazi za kujuana tunazifahamu wote na hazina heshima. "Koneksheni" usiiguse kabisa: mitandaoni kwetu imegeuzwa kuwa jina la video za faragha zilizovujishwa, na mwanamke anayeandika "naomba koneksheni" kwa mwanamume asiyemfahamu atajibiwa mambo ambayo hakuyaomba.

Neno lako ni "kufahamiana". Lina adabu, lina pande mbili zilizo sawa, na halidai kitu.

Salamu nayo ifikirie. Mtandaoni umri hauonekani, na picha ya mtu inaweza kuwa ya zamani. "Shikamoo" kwa kijana wa rika lako itamtia haya. "Mambo vipi" kwa mzee itamkera, naye atakuwa na haki. "Habari za kazi" inawafaa wote wawili. Ukiwa na hakika kwamba ni mtu mzima kwako, mpe shikamoo yake. Heshima haiishii kwenye kioo cha simu. Mwite "Ndugu" na jina lake. "Mheshimiwa" waachie wabunge na mahakimu. "Mkuu" ni la kijiweni, nalo "bosi" linakuweka chini yake kabla hamjasalimiana.

Halafu mwambie kwa nini yeye. Watu wanaacha ombi tupu, au wanaandika mstari ule ule kwa watu mia, na mpokeaji anauona. Soma kwanza alichoandika, kisha mwandikie hivi: "Habari za kazi, Ndugu," utaje jina lake, "mimi ni mhasibu, nipo Tabata. Nimesoma maelezo yako kuhusu risiti za EFD kwa maduka madogo, na wateja wangu wana tatizo hilo hilo. Ningependa tufahamiane." Inatosha. Usimwombe kazi katika ujumbe huo, usimtumie bei zako, wala usimwombe namba ya simu. Namba iombe baada ya yeye kukujibu na nyinyi kuzungumza kidogo.