Panga iacheni nyumbani: kwa vijana wapya wa kamati ya wakulima wa miwa

Wiki jana kijana mmoja wa kamati mpya alituma sauti kwenye kundi letu la WhatsApp kuhusu maandamano ya kudai malipo ya miwa: "Jumatano kila mtu aje na panga yake, wajue wakulima wametoka!" Niliisikiliza mara mbili, nikaweka simu chini, nikatoka nje kukaa na ng'ombe. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, karibu hivyo hivyo. Wanangu, nawapenda. Mna mbio na ujasiri ambao sisi umetuishia. Lakini mbona hamuulizi?

1. Notisi. Inaenda kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi cha eneo mtakaloandamana, si chini ya siku 3 kabla na si zaidi ya siku 14. Andikeni jina kamili la mwandalizi na mahali anapoishi, tarehe, saa na njia, na maandamano yawe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Hiyo ni taarifa, si kuomba ruhusa, kwa hiyo msiiandike kwa kupiga magoti. Pelekeni nakala mbili, yenu igongwe muhuri. Na njia itembeeni kwanza kwa miguu. Sisi tuliwahi kupita sokoni siku ya soko. Nyanya zilikanyagwa, na kabla askari hawajashuka garini akina mama walikuwa wameshatutawanya kwa nyungo za omena. Tulizilipa zile nyanya kwa pesa za kamati, na ilikuwa haki yao.

2. Panga. Hapa nitakaa.

Mwaka niliosema maneno kama yenu, tulikuwa tumepeleka miwa kiwandani tukangoja malipo mpaka watoto wakafukuzwa shule. Iliyobaki shambani ilikuwa imeshatoa maua. Nilikuwa katibu. Notisi nilipeleka, muhuri nikapata, nikajiona nimemaliza. Kisha nikataka picha nzuri ya gazetini, nikawaambia watu waje na panga ili waonekane ni wakulima kweli. Kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya nilikuwa nakijua nusu: haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko. Nusu nyingine, kwamba iwe kwa amani na bila silaha, niliipita kama mtu anayepita kaburi la jirani. Shambani panga haina neno. Juu ya lami, mbele ya askari kijana aliyeletwa kutoka mji mwingine asubuhi hiyo, panga mia moja zinazong'aa ni silaha, na Sheria ya Utulivu wa Umma inamgusa anayekuja nazo kwenye mkutano wa watu. "Hii ni ya kukatia miwa" ni jibu la mahakamani. Barabarani halina wa kulisikiliza.

Jirani yangu, mzee wa miaka zaidi ya 70, hakuwa hata na mpango wa kuja. Alitoka kukata majani ya ng'ombe, akasikia nyimbo, akajiunga nyuma. Gesi ya machozi ilipolipuka, vijana waliingia kwenye miwa wakapotea. Yeye ana goti bovu. Askari walimkuta amesimama palepale na panga yake, ile yenye mpini uliofungwa kwa mpira wa tyubu. Mimi nilikuwa mbele kabisa, nahojiwa na mwanahabari. Sheria inamtaka mwandalizi awepo mwanzo hadi mwisho na kusaidia kutunza utulivu, nami sikujua hata nani yuko mkia wa msafara wangu.

Ilikuwa Ijumaa. Mnajua ile ya kufikishwa kortini ndani ya saa 24? Saa hizo zikiisha siku ambayo mahakama haikai, inangojwa siku ya mahakama inayofuata. Mzee alilala seli Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Dawa zake za presha zilikuwa nyumbani. Nilizipeleka Jumamosi, na ujumbe alionitumia kupitia askari wa zamu ulikuwa mmoja: nani anakamua ng'ombe? Nikaenda kukamua. Mkewe hakuniuliza kitu. Alinipa chai, akakaa akiniangalia nikiinywa.

Jumatatu mzee alitoka kwa dhamana. Kesi iliahirishwa na kuahirishwa, kila mara nauli ya kwenda na kurudi, mpaka ikaondolewa. Panga yake ilibaki kielelezo na haikurudi. Nilimnunulia nyingine. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaitundika ukutani. Hajaikatia hata jani.

3. Msiandamane Ijumaa. Sababu mmeisoma.

4. Kitambulisho mfukoni, dawa mfukoni, namba ya wakili imeandikwa mkononi kwa kalamu, maana simu hupotea ya kwanza.

5. Ukikamatwa, uliza kosa, taja jina, omba wakili, nyamaza. Msipige hadithi na askari eti mnafahamiana. Walio nje waende kituoni wakaulize majina na namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Pesa ya dhamana ikitoka, risiti irudi.

6. Tairi lisiwashwe hata moja. Kiangazi hiki, upepo huu, miwa ya miezi 18 kando ya barabara! Muwa ulioungua hupungua uzito na sukari kila siku usipofika kiwandani, na kiwanda chenyewe ndicho kisichotulipa. Mtamchomea nani?

7. Barua ya madai isirudi bila muhuri wa kupokelewa. Miezi sita baadaye hakuna atakayekumbuka nyimbo.

Sasa kuhusu picha, maana najua bado mnaitaka. Kila mkulima hapa ana risiti za mzani, tani na tarehe zimeandikwa, hazijalipwa. Zibandikeni kwenye maboksi, mzinyanyue juu. Hakuna askari atakayeiita karatasi silaha, na kila msomaji wa gazeti atajua kilichotutoa mashambani. Jumanne jioni njooni kwangu na gundi. Mimi ninazo risiti 11.