Jino lililotoboka halikungoji

Ndugu, unasema jino limetoboka tangu mwaka jana, haliumi sana, na utakwenda kwa daktari wa meno ukipata nafasi. Hiyo nafasi hutaipata. Kinachokuzuia ni woga wa kile kiti, na woga hauishi kwa kungoja.

Tundu dogo mara nyingi huzibwa kwa kikao kimoja. Likifika kwenye mshipa wa fahamu, ni kusafisha mzizi kwa gharama kubwa zaidi, au kung'oa kabisa. Halafu maumivu yakikoma ghafla yenyewe, usishangilie: huenda mshipa umekufa na usaha unajikusanya chini kimyakimya.

Leo kazi yako iwe kupiga simu tu kwenye kliniki ya meno, upangiwe siku. Waambie mapema kwamba unaogopa sindano. Wamezoea, watakwenda nawe polepole.