Kabla ya unga, nunua daftari

Mama uliyeuliza kutoka Uvira, nimesoma maneno yako mara mbili. Una watoto 22, parokia inakushika mkono, risasi zinasikika usiku, na unataka kujua uwahamishe au ubaki nao, na uweke akiba gani. Mimi niko na nyumba ya watoto hapa Goma, mashariki mwa Kongo kama kwako, mtaa wa Ndosho. Nakujibu kwa yaliyotupata, si kwa yale ya semina za hotelini.

Kuhama. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 hatukutoka. Siku tano baadaye serikali ikaamuru sehemu ya mji ihame, tukashika njia ya Sake, mji mdogo magharibi mwa Goma, kwa miguu na watoto 27, katikati ya magodoro, pikipiki na chukudu, yale matoroli ya mbao. Kila mtoto alikuwa na kipande cha kitenge ndani ya kola, tumeandika kwa biki jina lake na namba ya simu yangu. Tulipofika, jasho na mvua vilikuwa vimekula wino. Mmoja wa miaka 5 alituponyoka. Siku ya nne tukamkuta kwa mama muuza ndizi, ameoga, ameshiba, na kwenye kola kuna doa la bluu tu. Siku hizi majina tunayashona kwa uzi. Na kutembeza watoto barabarani wakati watu wote wanakimbia, sikubali tena kama kuna ukuta wa kujificha nyuma yake.

Kwa hiyo Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, tulibaki. Twende wapi, wakati Sake ndiko vita ilikotoka? Nyumba yetu ni ya mbao kama nyingi za Goma, na ubao hauzuii risasi, ila depo, stoo yetu, tuliijenga kwa mawe ya volkano. Jumapili tarehe 26 jioni tukaingiza wote humo, magunia ya maharagi tukayapanga dirishani. Tulikaa siku tatu, chooni kwa zamu. Nilipoingia bweni la wasichana nikakuta risasi imetoboa mbao mbili na kutulia kwenye beseni la nguo za kufua. Kwako angalia leo ni chumba gani chenye mawe au matofali, usingoje kukitafuta gizani.

Chakula hakikutusumbua sana: unga wa bugali (ugali), maharagi, mafuta, chumvi, sosoma ya wadogo, yaani unga wa uji wa soya, mtama na mahindi. Kilichoisha kwanza ni makala, yaani mkaa. Maharagi yanakula makala kuliko unavyodhani, yaloweke usiku kucha. Maji ndiyo yalikuwa kazi, maana umeme ulipokatika pampu zikasimama na mji mzima ukashuka ziwani na bidoni, yaani madumu. Maji ya ziwa bila klorini ni kipindupindu, kwa hiyo klorini itafute sasa. Pesa ya parokia ilifika benki, na benki zikafungwa. Kwenye simu ilikuwepo, ila mwenye kibanda cha kutolea pesa alikukata ada anavyotaka. Weka dola ndogo ndogo, safi. Noti iliyochanika kidogo hapa inakataliwa hata vita ikiwa mlangoni.

Sasa niseme kile ambacho hukuuliza. Geti.

Tulijiandaa kwa watoto wetu, tukasahau wa wenzetu. Kuanzia usiku wa Jumatatu watu waligonga. Wengi waliotuachia watoto walikuwa wazazi wazima kabisa, wamesikia tu kwamba kwa kanisa ni salama. Mama mmoja alitusukumia wawili, akasema anarudia mdogo wao, akapotea gizani. Sheria ya watoto ya mwaka 2009 inataka mtoto wa namna hiyo afikishwe kwa hakimu wa watoto. Hakimu yuko wapi siku hizo? Kilichobaki ni daftari.

Niliwauliza wale wawili jina la mama yao. “Mama Furaha.” Na la baba? “Papa Furaha.” Goma ina Mama Furaha wangapi? Hapo tukajifunza kuuliza vingine: mama anauza nini, mnachota maji wapi, kanisani kwenu kuna ngoma au kinanda, mbuzi wenu ni wa rangi gani, nani alikupiga mara ya mwisho. (Hili la mwisho linawachekesha, na hapo ndipo ulimi unafunguka.) Mkubwa akasema mama anauza mikate, na ndege zinapita juu ya nyumba hadi sahani zinatetemeka. Basi, karibu na uwanja wa ndege.

Hapo ndipo kanisa lilitusaidia kuliko kwa pesa. Padri alitoa tangazo baada ya misa, mashirika, zile jumuiya ndogo za waumini, yakalibeba mtaa kwa mtaa, na yule mama alipatikana ndani ya wiki mbili. Lakini tangaza nusu tu. Tulisema umri na lugha. Mikate na ndege tukavificha. Kuna mwanaume alikuja kumtaka kijana wetu wa miaka 13, anajiita mjomba, jina la mtoto analijua vizuri. Nikamuuliza dada yake anauza nini sokoni. Alikasirika badala ya kujibu. Kijana mwenyewe alikuwa amejifungia chooni. Unajua wenye bunduki wanatafutia nini wavulana wa umri huo.

Nunua madaftari mawili ya jalada gumu, moja likae parokiani. Andika saa, nani kaleta, kavaa nini, kovu liko wapi, na piga picha. Msalaba Mwekundu wanatafuta familia, ila nao wataanza na hayo hayo uliyoandika.

Usiku wa Jumatano niliposinzia, mtu alileta mtoto mchanga. Mama wa zamu alimpokea, akamchemshia maziwa, akambeba mgongoni hadi asubuhi, na hakuandika chochote. Simlaumu, risasi zilikuwa bado zinasikika. Nguo alizokuja nazo zilifuliwa, zikachanganywa na za wengine. Sasa anatembea, anaita kila mwanamke mama. Ukurasa wake una tarehe, na neno moja nililoandika mimi mwenyewe kesho yake: msichana.