Nimepata kazi Arusha, baba watoto hataki niondoke nao

SWALI: Shangazi shikamoo. Niko hapa Mtwara mjini, niliachana na mume wangu mwaka juzi mahakama ikanipa nikae na watoto, wa kike ana miaka 5 wa kiume 9, baba yao yuko Mikindani anawachukua kila jumamosi. Sasa nimepata kazi Arusha natakiwa kuripoti mwezi ujao, nimemwambia kasema nikiwapandisha basi tu tunakutana mahakamani. Kaka zangu wanasema nisimsikilize, sisi Wamakonde mtoto ni wa kwa mama. Nisaidie maana silali.

JIBU: Marahaba mwanangu, hongera ya kazi na pole. Kaka zako wanakupenda ila hapo wanakupoteza. Mila inaangaliwa kweli, ipo kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 125, lakini kinachotangulia ni maslahi ya mtoto.

Kaitoe ile hukumu uisome taratibu. Kama imeandikwa baba awaone kila jumamosi basi ukihamia Arusha hiyo jumamosi umeiua wewe, na yeye atakuwa na la kusema mbele ya hakimu. Usiondoke kimyakimya nakuomba sana, rudi mahakama ileile uombe amri ibadilishwe, kifungu cha 133 kinaruhusu pale hali inapobadilika. Huyo mdogo yuko chini ya miaka 7, sheria inaanza kwa kuona anafaa kukaa na mama, ingawa baba anaweza kupinga kwa ushahidi. Wa miaka 9 ndo nenda naye polepole maana anaweza kuulizwa mwenyewe anataka nini, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inaona vizuri ndugu wakae pamoja, we kaa naye umsikilize, ila usimfundishe cha kusema, wanajulikana hao waliofundishwa na inauma kuwaona.

Alafu usiende mikono mitupu. Barua ya kazi, shule watakayosoma, nani atabaki nao ukiwa kazini, likizo za mwezi wa sita na wa kumi na mbili waje kwa baba, na nauli nani analipa maana Mtwara Arusha si safari ya kitoto. Mpelekee kwanza mwenzio hayo, kaeni kwa ofisa ustawi wa jamii, mkikubaliana mahakama inaandika na yeye anaendelea kutoa matunzo kama kawaida. Mwajiri naye mwombe leo akusogezee tarehe, mwezi mmoja kwa mambo ya mahakama ni mdogo.